Umeambiwa ushuke darasa la baleti? Soma hapa kabla hujahama shule

Juzi msomaji mmoja wa Changamwe, hapa Mombasa, kaniandikia. Amecheza baleti miaka mitatu, sasa amehamia shule mpya upande wa Nyali, na mwalimu alipomtazama kwa somo moja tu akamwambia aanzie darasa la chini, pamoja na wasichana wa shule ya msingi. "Dada, nimelia kwenye matatu mpaka Buxton," anasema. "Nikubali au nitafute shule nyingine?"

Mdogo wangu, kubali. Jibu ndilo hilo. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na machungu yangu mwenyewe ambayo bado hayajanitoka, kwa hivyo nivumilie.

Wiki iliyopita nimepandishwa darasa la kati. Najisifu, ndiyo, wala sioni haya. Nina miaka 34, kutwa nashinda na makaratasi ya makontena katika ofisi ya klearingi, na mwalimu alipotaja jina langu mbele ya darasa zima nilijikaza nisipige kigelegele. Darasa hilo la kati nilishawahi kulikaa, katika shule nyingine, nikiwa sijui hata kusimama. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Shule yangu ya kwanza, jina nalihifadhi, walinipima kwa macho. Mwenye shule aliniuliza umri, akaniuliza kama nimewahi kucheza. Nikamwambia nimecheza chakacha kwenye maharusi tangu utotoni, ila upau wa baleti, ule mti wa ukutani tunaoushika tukifanya mazoezi, sijawahi kuushika. Akacheka. Akasema mtu mzima mrefu kama mimi hasimami na watoto, na papo hapo akaniandika darasa la kati la jioni. Ada ya muhula mzima nikailipa siku hiyohiyo. Baadaye nikaja kusikia kwamba darasa lile lilikuwa na watu wachache mno, na lau si mimi na mwenzangu mmoja lingefungwa. Basi mimi nilikuwa wa kujaza nafasi. Hilo bado linaniuma kuliko mguu.

Hebu niwape picha ya darasa lenyewe. Ukumbi una vigae, pangaboi inazunguka kivivu, na joto la Machi linafanya sakafu itoe jasho kama sisi. Mwalimu anataja mazoezi kwa Kifaransa chake, plie (kukunja magoti), tandu (kunyoosha mguu ncha ikigusa sakafu), rondi de jambe (kuuzungusha mguu), mara mbili mbele, moja pembeni, geuza, na muziki umeshaanza. Mimi macho yangu yote yako kwa binti aliyesimama mbele yangu. Akinyoosha mguu nami nanyoosha, akikunja nami nakunja, nimechelewa kidogo tu. Ukinitazama kwa mbali utasema najua. Kisha mwalimu anasema, "Upande wa pili." Wote tunageuka, tunashika upau kwa mkono mwingine. Sasa yule binti yuko nyuma yangu, na mbele yangu mna ukuta. Hapo ndipo nilipokuwa naumbuka, kila jioni, kwa mguu wa kushoto.

Kwa hivyo kama unataka kipimo, chukua hicho. Upande wa pili wa upau, ukiwa huna wa kumtazama, mwili wako unajua kinachofuata au haujui? Kama unajua hata kwa kukoseakosea, darasa ni lako. Kama haujui kabisa, wiki baada ya wiki, darasa si lako, hata kama umecheza miaka kumi na umelipa hadi Disemba.

Baada ya upau tulikuwa tunaruka. Vigae hivyo, na chini yake zege tupu. Baleti ya kurukaruka inataka sakafu ya mbao iliyoinuliwa, inayobonyea kidogo mguu unapotua, na hapa mjini kumbi za namna hiyo si nyingi. Wengi tunakodisha ukumbi wowote wenye kioo na stima. Anayejua kutua, goti likiwa juu ya vidole na kisigino kikishuka taratibu, huweza kuvumilia kiasi. Mimi nilikuwa sijafundishwa kutua, maana hayo hufundishwa darasa la chini. Ugoko ukaanza kuniuma, kwanza nikiruka, halafu nikipanda ngazi za ofisini, halafu hata nikisimama foleni ya feri Likoni. Daktari wa mazoezi ya viungo alinisimamisha, akaniambia nigeuze nyayo nje kama ninavyofanya darasani, kisha akanionyesha magoti yangu: nyayo zinatazama huku na huku, magoti yanatazama mbele. Ule mgeuko wa miguu katika baleti hutoka kwenye nyonga. Ukiulazimisha kwa nyayo tu, goti na ugoko ndio hulipa deni. Mwenye shule nilipomweleza, akanijibu kwamba wanafunzi wengine hawalalamiki. Ada haikurudi.

Shule ya pili niliomba mwenyewe darasa la wanaoanza. Mwalimu, mama mmoja mpole lakini mkali wa macho, hakuniuliza umri. Siku ya kwanza alichukua leso yake akanifunga nyonga, upindo ukiwa sawa kabisa kutoka mfupa huu hadi huu, akaniambia ninyanyue mguu pembeni huku nikitazama kioo. Upindo ukapanda upande mmoja kama tanga. Nyonga ilikuwa inapanda na mguu. Sisi wa chakacha leso ya kiunoni tumeizoea kwa kazi nyingine kabisa, kiuno ndicho kinachosema, na sasa nilitakiwa kiuno kinyamaze na mguu ndio useme. Muhula mzima nikacheza na leso ile. Nilinyanyua mguu chini, chini kabisa, hadi upindo ukatulia, ndipo nikaruhusiwa kwenda juu kidogo.

Wenzangu darasani walikuwa na miaka tisa, kumi. Kina mama waliongoja nje walikuwa wakininong'ona, "Huyu naye mwanafunzi, ama kamleta mwanawe?" Nilisikia. Nikafunga leso yangu nikaingia. Hao mabinti walinifundisha mengi, na mmoja alikuwa akinirekebisha mkono bila kuulizwa, kwa ukali wa mwalimu mkuu. Wazee wetu walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nilirejea ngamani nikakaa huko, na huko ndiko nilikojengwa.

Sasa turudi kwa dada wa Changamwe. Unasema shule yako ya zamani ilikuweka "gredi ya 4" na mpya inakushusha. Gredi hizo ni za nani? Zile za Royal Academy of Dance, chama kilichoanzishwa London mwaka 1920, zinaanzia hatua za watoto wadogo, zinapanda Gredi ya 1 hadi ya 8, na pembeni mna ngazi za wanaotaka kuifanya baleti kazi. Shule inayofuata njia ya Vaganova, ya Urusi, huhesabu kwa miaka ya mafunzo. Na shule nyingine huandika tu namba inayomfurahisha mzazi. Namba ya huku haihami na wewe kama cheti cha kuzaliwa. Mwalimu mpya akikutazama akakuweka chini, huenda ameuona upindo wa leso yako.

Na hapa niwaguse wazazi, maana nyinyi ndio mnaonitumia ujumbe usiku. Umri unaoandikwa kwenye mitihani ya hiyo Royal Academy of Dance ni wa chini kabisa kuruhusiwa. Mtoto wa miaka saba anaruhusiwa kufanya Gredi ya 1. Hakuna aliyesema kwamba asipoifanya akiwa na saba amechelewa. Intermediate Foundation, ngazi ambayo viatu vya kusimamia ncha za vidole huingia mtihanini, haimpokei aliye chini ya miaka 11, na hata huyo wa 11 lazima mwalimu aridhike na nguvu ya mguu na mgongo, kwa sababu mifupa ya mguu wa mtoto bado inakomaa. Lakini kuna mama ananunua viatu hivyo mtandaoni kwa sababu mtoto wa jirani kawekwa kwenye status. Mama, hiyo status inafutika kesho, na kifundo cha mguu cha mwanao ni kilekile hadi uzeeni.

Msinitajie Misty Copeland, yule mcheza baleti wa Marekani, pia. Najua alianza akiwa na miaka 13, na najua mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufikia daraja la juu kabisa pale American Ballet Theatre. Kuanza amechelewa hakukumaanisha kwamba aliruka msingi. Aliusoma msingi uleule, kwa saa nyingi na kwa kasi yake. Na Joel Kioko wetu, aliyetoka Kuwinda, Nairobi, hadi English National Ballet School kule London, hamkumwona pale alipokuwa akirudia tandu. Mnaona picha ya mruko wa mwisho, mnataka mtoto aanzie hapo.

Nyinyi watu wazima wenzangu, kiburi ndicho kinachotupandisha madarasa. Tunaogopa kuonekana na watoto. Hakuna anayekutazama, wallahi, kila mtu anajitazama mwenyewe kwenye kioo.

Basi dada, fanya hivi. Mwombe mwalimu akuruhusu ukae pembeni utazame darasa la chini na la kati, kila moja mara moja, bila kucheza. Tazama upande wa pili wa upau. Kisha muulize ni kitu gani hasa alichokiona kwako. Mwalimu mzuri atakutajia goti au nyonga au mgongo, na asiyejua atakutajia umri. Uliza sakafu ni ya nini. Lipa somo mojamoja kwanza. Akikukatalia akasema ni muhula mzima au basi, hapo ndipo utafute shule nyingine, na ukifika huko uombe darasa la wanaoanza.