"Wewe Kabila Gani?" ni Swali la Polisi

Msomaji mmoja wa Uyole, Mbeya, mwalimu aliyehamia huko kikazi kutoka Tanga, anaeleza kwamba majirani zake ni watu wa makabila asiyoyajua vizuri. Angependa kuyajua, hasa ili msiba ukitokea asikosee namna ya kwenda kuhani. "Nikimuuliza mtu, 'Wewe kabila gani?', wengine wanajibu, wengine wananikazia macho. Kiswahili kina namna ya adabu ya kuuliza jambo hili? Na 'Mnyaki' ni neno sanifu?"

Namshukuru mwalimu, maana hilo swali la "Wewe kabila gani?" nimelichukia kwa muda mrefu. Nalisikia kwenye daladala za Mwanjelwa, nalisikia kwenye usaili wa kazi, nalisikia kwenye vikao vya posa kabla hata chai haijamiminwa. Limeharibika kisarufi, likaharibika na kiadabu, na naamini ubovu wa kwanza ndio uliozaa wa pili.

Mtu si kabila. Mtu ni wa kabila. Mwanafunzi hatumuulizi, "Wewe ni shule gani?" Tunamuuliza anasoma shule gani, kwa sababu yeye si majengo wala kengele. Lakini kwenye kabila watu wameing'oa ile "wa" wakaitupa, na ikishatupwa, aliyesimama mbele yako si mtu tena, ni kabila zima, na unajiona una haki ya kumbebesha kila lililowahi kusemwa juu ya kabila hilo. Angalia kinachofuata baada ya jibu. Akisema Mhehe, mtu ambaye wala si mtani wake anadakia habari za kula mbwa na kujinyonga. Akisema Mkinga, anaulizwa ana maduka mangapi Kariakoo, naye ni muuguzi, mshahara wake unaisha tarehe kumi na tano. Akisema Mnyakyusa, anaambiwa ni mbishi kabla hajabisha chochote. Utani ninauheshimu sana. Una wenyewe, una mipaka, na mtani anayekutania leo ndiye atakayeshughulika kwenye maziko yako kesho. Huyu wa kwenye daladala hatakuzika.

Neno lenyewe halina kosa. Tulilipata kwa Waarabu, likazoea, likawa letu. Ila sauti ya swali hili inatoka mahali ninapopajua, nanyi mnapajua: kwenye meza ya maelezo. Jina? Umri? Kabila? Dini? Kazi? Ndivyo mtu anavyoandikwa kituo cha polisi, ndivyo shahidi anavyoandikwa mahakamani. Aliyeketi upande ule ana kalamu na mamlaka, na wewe wa upande huu huwezi kumwambia kwamba leo hujisikii kujibu. Ukimuuliza jirani yako wa ukuta kwa ukuta kwa maneno hayo hayo, umejiweka nyuma ya meza ile. Unashangaaje akikukazia macho?

Serikali yenyewe ilijifunza. Sensa ya mwisho nchini kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Mwaka 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba na maswali tele, hilo halikuwemo. Na Mei Mosi ya 1995 Mwalimu Nyerere alikuja hapa hapa Mbeya akakemea ukabila kwa ukali ambao waliomsikia hawajausahau.

Wapo wanaotoka hapo wakasema basi tusiulizane kabisa. Siwaungi mkono hata kidogo. Mtu ana kwao, ana lugha aliyobembelezewa, ana mlima anaoutafuta kwa macho basi likikaribia. Kuulizwa hayo kwa moyo mzuri ni heshima, na asiyewahi kumuuliza jirani yake anaishi na mgeni.

Basi uliza hivi: "Nyumbani ni wapi?" Au, kwa rika lako, "Kwenu ni wapi?" Kwa mtu mzima utaanza na shikamoo, mzungumze mambo mengine kwanza, kisha useme, "Samahani mzee, nyumbani hasa ni wapi?" Ubora wa swali hili ni kwamba anayejibu ndiye anayechagua pa kuishia. Anaweza kusema "Mbeya" akanyamaza, nawe ukaelewa kwamba ametosheka. Anaweza kusema "Rungwe." Anaweza kusema "Rungwe, upande wa Kiwira," kisha akaanza kukueleza habari za ndizi na baridi ya kule. Na anaweza, kwa hiari yake, kukutajia kabila, na hapo atakutajia kwa jina analolipenda yeye.

Kwa nyanda hizi za juu swali hilo lina faida nyingine, nayo ni ukweli. Dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ilianza kuvuta wachimbaji kutoka kila upande tangu miaka ya 1920. Mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe yakavuta vibarua. Reli ya TAZARA ikafika miaka ya 1970, na Makambako ikawa njia panda ya watu wa kila aina. Leo utamkuta kijana ambaye baba yake ni Mbena, mama yake Mndali, amezaliwa Chunya, amekulia Mbalizi, na lugha ya jadi aliyoishika kidogo ni Kisafwa cha kuokoteza kwa watoto wenzake. Muulize "Kabila gani?" atakujibu "Mbena" kwa kuwa ndivyo fomu zilivyomzoesha, na hutakuwa umejua lolote juu yake. Muulize kwao ni wapi, andaa na kiti.

Na hili lazima niliseme, linanikera kuliko yote. Wageni wengi wakisikia mtu ni wa Mbeya, hawaulizi hata hilo swali baya, wanamwambia moja kwa moja, "Aa, Mnyakyusa." Jamani! Jiji la Mbeya limekaa kwenye nchi ya Wasafwa. Wanyakyusa kwao ni Rungwe na Kyela. Mbarali ni Usangu, kwa Wasangu. Wamalila wako kwao Umalila. Ukivuka kuingia Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kuna Wanyiha, Wandali na Wanyamwanga. Usikimbilie kusema jina linaloanza na "Mwa-" limekupa jibu, kwani Wandali na Wanyiha wanayo majina hayo pia. Msafwa anaitwa Mnyakyusa akiwa kwenye ardhi ya babu zake, na anatakiwa atabasamu.

"Asili yako ni wapi?" ina matumizi yake, ila usimtupie mtu kwa sababu ya rangi au nywele zake, kwani kwa Mtanzania mwenye asili ya Asia aliyezaliwa Iringa, swali hilo linamwambia kwamba hapa si kwake. Na "Huyu ni mwenzetu?", inayonong'onwa maofisini kabla ya kugawa nafasi, sitaijadili kama lugha. Ni ubaguzi.

Sasa msiba, mwalimu. Huhitaji kabila la jirani ili ujue la kufanya, unahitaji kumuuliza la kufanya: "Mwenzio mgeni, naomba unielekeze, kwenu msibani mnafanyaje?" Atakueleza nani anaingia ndani na nani anabaki nje, nini kinapelekwa na nani anakabidhiwa. Jifunze na salamu. "Kamwene" wataiitikia Wahehe, Wabena na Wakinga, na "Ugonile" itakufungulia milango ya Wanyakyusa. Mara nyingi, ukishasalimu hivyo, mtu atakuambia mwenyewe kwao ni wapi kabla hujauliza.

"Mnyaki" si sanifu. Andika Mnyakyusa, wengi Wanyakyusa, lugha yao Kinyakyusa. "Mnyaki" ni kifupisho cha mazungumzo ambacho wenyewe hukitumia wao kwa wao, na wewe subiri mwenye jina akuruhusu.