Funksheni ipo, lakini Lisp inasema haipo

Swali: Natengeneza programu ndogo ya duka kwa Common Lisp, natumia SBCL (mojawapo ya programu zinazoendesha Common Lisp). Muuzaji anachapa amri, mfano jumla-ya-leo, nami nataka funksheni yenye jina hilo iitwe. Nimeandika (funcall (intern amri)), yaani geuza maandishi kuwa jina la Lisp kisha uite funksheni yake, lakini SBCL inadai kuwa COMMON-LISP-USER::|jumla-ya-leo| haijafafanuliwa. Nikichapa (jumla-ya-leo) kwa mkono wangu, inafanya kazi. Nakosea wapi?

Jibu: Tazama vile vistari viwili vya wima kwenye ujumbe wa kosa. Lisp imeviweka kwa sababu jina hilo lina herufi ndogo, na funksheni yako haiitwi hivyo. Inaitwa JUMLA-YA-LEO. Ulipoandika defun, kisomaji cha Lisp (sehemu inayosoma msimbo unaouchapa) kiligeuza herufi zote kuwa kubwa, na hufanya vivyo hivyo kila unapochapa jina hilo mwenyewe. Stringi ya muuzaji haikupita kwenye kisomaji. Intern huipokea ilivyo, na isipokuta simboli (kitu ambacho Lisp hutumia kushika jina) ya jina hilo hailalamiki, inaiunda papo hapo. Simboli hiyo changa haina funksheni yoyote, ndiyo maana funcall imegoma.

Kwa kutafuta, tumia find-symbol, ambayo haiundi kitu. Hapa nachukulia umehamishia msimbo wako kwenye kifurushi (kundi la majina) chake, tukiite duka:

(multiple-value-bind (simboli hali)
    (find-symbol (string-upcase amri) :duka)
  (if (and hali (fboundp simboli))
      (funcall simboli)
      (format t "Sijui amri hii: ~a~%" amri)))

Anayekuambia imepatikana au la ni hali, ile thamani ya pili, maana NIL nayo ni simboli halali. Na usiache :duka. Ukiiacha, Lisp itatafuta katika kifurushi kilichomo kwenye *package* wakati programu inaendeshwa, ambacho huenda si kile ulichoandika juu ya faili lako. Kosa hili ni la kuudhi: kwako kwenye REPL (dirisha la kuchapa msimbo na kuona jibu papo hapo) kila kitu kinakwenda, ukifika dukani kinakufa.

Kuna watakaokushauri utumie read-from-string ili kisomaji kishughulikie herufi. Wasikilize kisha uwapuuze. *read-eval*, inayoruhusu msimbo kutekelezwa wakati wa kusoma, kwa kawaida ni T (yaani ndiyo), kwa hiyo mtu akichapa #.( na chochote anachotaka baada yake, Lisp inakitekeleza ikiwa bado inasoma.

Hata hivyo, dukani nisingeweka hata hiyo find-symbol. Kifurushi chako bila shaka kinatumia COMMON-LISP, na find-symbol huona pia vilivyorithiwa. Muuzaji akichapa break, simboli inapatikana, ina funksheni, inaitwa bila hoja yoyote, na mteja anasubiri risiti huku skrini ikionyesha dibaga (zana ya kutafuta makosa). Akichapa when, fboundp, inayouliza kama jina lina funksheni, inakubali ingawa hiyo ni makro (kanuni ya kugeuza msimbo, si funksheni ya kuita), kisha funcall inaanguka.

Orodhesha amri unazoruhusu, basi:

(defvar *amri* (make-hash-table :test 'equalp))
(setf (gethash "jumla-ya-leo" *amri*) 'jumla-ya-leo)

(let ((f (gethash amri *amri*)))
  (if f (funcall f) (format t "Sijui amri hii: ~a~%" amri)))

Hiyo equalp inafanya kazi mbili. Ukiiacha, jedwali la hashi hutumia eql, ambayo huona stringi mbili zenye herufi zilezile kuwa vitu tofauti, nawe utashangaa kwa nini hupati kitu. Pili, haijali herufi kubwa wala ndogo, kwa hiyo string-upcase haihitajiki tena.

Nimehifadhi 'jumla-ya-leo, si #'jumla-ya-leo, kwa makusudi. Ukihifadhi simboli, funcall hutafuta funksheni yake kila inapoitwa, kwa hiyo ukirekebisha defun kwenye REPL, amri inayofuata inatumia toleo jipya. Ukihifadhi funksheni yenyewe, jedwali linaendelea kushika ile ya zamani hadi uliandikie upya.