Nyanya na nyanya zake

Wiki iliyopita dada mmoja anayekaa Columbus, Ohio, aliniandikia ujumbe mrefu. Naufupisha: watoto wake watatu wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza, mkubwa hataki kuamkia wageni, na Idd iliyopita yeye alipika tangu alfajiri, wao wakaagiza pizza. "Dada, nifanye nini? Ndiyo nishawapoteza?"

Hujawapoteza, mpenzi. Ila kabla sijakwambia la kufanya, wacha nikueleze mimi nililelewa na nani.

Tulitoka Mombasa tukafika Toronto mwaka 1984, nikiwa na miaka saba. Baba alipanga ghorofa ya juu katika nyumba moja karibu na St. Clair Avenue West, sehemu inayojulikana kama Corso Italia. Wenye nyumba walikuwa wazee wawili wa Calabria, kusini kabisa mwa Italia. Mke, meli ilimshusha Halifax, kwenye gati la Pier 21, mwaka 1956, na kutoka hapo akapanda treni. Mtaa mzima ulimwita Nonna. Nonna ni bibi, au kama tusemavyo kwetu Mombasa, nyanya. Mtanivumilia, maana hadithi hii ina na nyanya za kupika.

Nyumba ilikuwa na majiko mawili. La juu liling'aa kama la dukani na halikupikiwa hata chai. Mapishi yote yalikuwa chini, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Sebuleni makochi yalivikwa plastiki na hakuna aliyeyakalia mpaka aje padri. Mama alipoona hivyo alisema, "Hawa ni watu wetu."

Mwisho wa Agosti zilikuja nyanya, vikapu 20, kila kimoja kilo 24 hivi. Zilitandazwa gereji juu ya mashuka makuukuu siku mbili tatu, ziive sawasawa. Siku yenyewe tuliamshwa saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Wanaume walikoka moto chini ya pipa, mabinti walikata, wakwe walizungusha mashine inayotema maganda na mbegu upande huu na rojo upande ule. Nonna alijaza chupa, nyingi zikiwa za bia zilizosuguliwa. Kazi yangu mimi ilikuwa kutia jani la rehani katika kila chupa kabla haijafunikwa. Jani moja. Nikitia mawili, mwiko wa mbao ulinigonga vidole. Chupa zilipita 200, na hakuna hata moja iliyofungwa kabla haijapita mkononi mwangu. Nililijua hilo, nikatembea mtaani wiki nzima kifua mbele.

Mama aliposhuka siku hiyo mara ya kwanza, harufu ya rehani ilimsimamisha mlangoni. Kwetu rehani haiingii chunguni. Hufungwa kwenye kikuba pamoja na asumini na kilua, avae mwanamke wa harusini. Alikata kitawi akakichomeka nyweleni. Nonna akamtazama, naye akachomeka chake, kwenye kitambaa chake cheusi. Alikuwa amevaa nyeusi tangu mama yake afe huko Calabria. Msiba wake haukuwa na arubaini.

Januari walitengeneza soseji za nguruwe na kuzitundika kwenye kijichumba cha baridi chini ya ngazi za mbele, walichokiita cantina. Mama alimweleza Nonna kwamba sisi hatuli nguruwe, na mvinyo hatunywi. Nonna alimshika mkono kama aliyefiwa. Kesho yake alinunua sufuria mpya, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini wake, na kila Jumapili ikapikwa nyama ya ng'ombe peke yake, nyama ya "alal". Herufi ya h hakuwa nayo.

Na jicho wanalijua! Nilipata zawadi shuleni, jioni kichwa kikanipasuka. Nonna alijaza maji kwenye sahani ya shimo, akadondosha mafuta ya zeituni kwa kidole huku akinong'ona. Mafuta yakasambaa, hiyo kwao ni dalili ya malocchio, jicho la hasidi. Juu, Mama alikuwa keshawasha ubani. Nilipona, na hawakukubaliana ni nani aliyeniponya. (Mnaotaka kuniandikia kuhusu dini, msijisumbue. Mama alinimaliza zamani.)

Yale maneno ya kunong'ona juu ya mafuta hufundishwa mkesha wa Krismasi tu, mwanamke kwa mwanamke. Wajukuu zake walimcheka. Nilipofika miaka 15 akaniita mimi. Mimi nilikuwa nimekwenda sinema na wenzangu. Hakuniita tena, na mwaka uliofuata nilikaa nyumbani usiku kucha nikisubiri sauti yake kwenye ngazi. Hilo bado linaniuma.

Mumewe alikuwa kibarua wa ujenzi. Kila Machi 17 alikaa kimya, chakula hakigusi. Siku mbili baadaye, sikukuu ya San Giuseppe, yaani Mtakatifu Yosefu, Nonna alikaanga zeppole, binamu wa mahamri yetu, na mimi ndiye niliyetumwa na sahani kwa majirani, nyumba moja ikipata sahani kubwa kuliko zote. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima: Machi 17, 1960, vibarua watano wa Kitaliano walikufa ndani ya handaki la bomba la maji huko Hogg's Hollow, papa hapa Toronto. Sikuhadithiwa na mtu. Nilibebeshwa sahani.

Basi dada, ushauri wangu ndio huo. Wape kazi. Kitaliano changu, kibovu lakini kipo, sikufundishwa. Niliambiwa "dammi", nipe, nikatoa. Wape kazi ndogo, lakini pasipo hiyo chakula kisifike mezani. Na usiwaeleze faida yake, wape tu.

Mimi mwenyewe nilikosea. Binti yangu wa kwanza nilimpa hotuba: asili yako, lugha yako, usisahau ulikotoka. Nikampeleka darasa la Jumamosi na makaratasi yake. Leo ana miaka 24 na shangazi zangu anawaambia "hai". Tunawafungia jiko watoto wasituchafulie, kisha tunalia wametukimbia. Umepika peke yako tangu alfajiri, mlango umeurudisha, unashangaa pizza? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wetu tunawakirimu miaka 18 mizima, na jembe tumelificha! Wape kazi, nasema tena.

Na usidhani Wataliano wamepata dawa. Nonna alipofariki wanawe waliuza nyumba wakahamia Woodbridge, nje ya mji. Ile mashine ya nyanya iliwekwa kando ya barabara siku ya takataka. Nilichelewa kwa saa chache.

Nilichonacho ni mbuzi ya Mama, aliyoileta kwenye sanduku kutoka Mombasa. Nonna alipoiona mara ya kwanza alidhani ni tandiko la punda. Akakunja sketi yake nyeusi, akaikalia, akakuna nazi mbili bila kupumzika. Sasa inakaliwa na kitinda mimba wangu, ana miaka 11. Mkesha wa Idd hamruhusu mtu kuigusa, na anapiga kelele kwa lafudhi yake ya Toronto: "Mama, leta nazi ingine!" Simsahihishi.

Kama mbuzi huna, niandikie. Mdogo wangu anakuja Disemba kutoka Mombasa na sanduku lake bado lina nafasi.