Bega ulimwachia mama yake, mkebe unautaka wewe

Barua ya wiki hii imetoka Lubumbashi. Nimeikata kidogo, matusi kwa wifi nimeyatoa.

«Tantine, jambo sana. Nina miaka 23, tunakaa Kampemba. Bwana yangu ana miaka 24, anakimbiza motokrosi, mbio za pikipiki za kuruka matuta, na ndiyo kazi yake. Patro mmoja wa malori anamlipa dola 450 kwa mwezi na amempa pikipiki, na akishinda anamwongezea. Mbio zinampeleka hadi Zambia na Afrika Kusini. Jina lake linajulikana, lakini mimi ninaishi kama mke wa mlinzi. Kila mwezi dola 100 zinaenda kwa mama yake, mtaa wa Kamalondo. Manseba wake, yaani mjomba, aliyemnunulia pikipiki ya kwanza, hakosi kutokea akisikia kulikuwa na mbio. Mwezi wa sita alivunjika mfupa wa bega, na tangu siku ile mama mkwe ndiye anashika pesa zake. Mimi wakati ule nilikuwa kwetu Likasi, nikarudi alipopona. Sasa anaficha simu. Nimekuta anatuma dola 20 kila wiki kwa mtu aliyeandikwa ‹Kine Bel-Air›. Nikimuuliza anacheka. Mwaka jana nilichukua kidogo tu kwenye mkebe wake, dola 300, za vikwembe, vitenge vya ndoa ya dada yangu, akaninunia mwezi mzima, eti zilikuwa za pistoni. Pistoni inashinda mke? Ninataka aache pikipiki, atafute kazi ya mgodi kama wanaume wengine, la sivyo nimwite baba aje anichukue. Dot yenyewe, mahari, hawajamaliza. Nisaidie.»

Pole, mwanangu. Kulala na mtu ambaye kila wiki anaruka hewani juu ya chuma cha kilo zaidi ya 100 si jambo dogo, na hofu yako naijua. Pole hiyo ikutoshe, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilivaa miwani.

Kuna sentensi umeipitisha haraka, kama mtu anayepitisha mzigo kwa forodha Kasumbalesa: «Mimi wakati ule nilikuwa kwetu Likasi.» Likasi! Kilomita kama 120 kutoka hapa, magari yanatoka asubuhi mpaka jioni. Mume amevunjika mtulinga, ndio huo mfupa wa bega, unaotaka wiki sita au zaidi kuunga, na wewe uko kwenu unasubiri apone. Unajua mtu aliyevunjika mtulinga anavyoishi? Hawezi kuvaa shati peke yake. Hawezi kujigeuza kitandani. Bukari, ugali wetu, anaimega kwa mkono mmoja na sahani inamkimbia mezani. Sasa niambie nani alimvalisha, nani alimwogesha, nani alisimama usiku kumtafutia mto. Hukuandika, lakini ninamjua: ni yule mama wa Kamalondo. Halafu unashangaa kwamba pesa zilibaki mikononi mwake! Zingebaki kwa nani? Mgonjwa akitaka dawa usiku, pesa zinakaa kwa aliye karibu na kitanda.

Nenda naye polepole huyo mama. Hakuja kukunyang'anya kitu. Alikuta kiti kitupu akakikalia.

Tuje kwa huyu «Kine». Mwanangu, umekesha siku ngapi unamtafuta huyo mwanamke mtaani Bel-Air? Kine si jina la mtu. Kine ni yule wa hospitali, wa kunyoosha viungo, anayemshika mtu mkono na kumwambia «inua, shusha, inua» mpaka machozi yanatoka. Bega lilivunjika mwezi wa sita, sasa linazoezwa, na kila wiki linalipiwa dola 20. Mimi sijamwona, lakini naweka kikwembe changu cha Pasaka rehani kwamba huyo Kine ana ndevu. Mume anacheka kwa sababu unachouliza kinachekesha. Hata hivyo anakosea, na namwambia kama anasoma: mke akiuliza kuhusu pesa, kicheko si jibu. Mshike mkono umpeleke, akaone meza ya mazoezi na karatasi ya malipo, yaishe.

Sasa mkebe. Hapa ndipo nilipokasirika kweli.

«Kidogo tu, dola 300.» Ni theluthi mbili ya mshahara wake wa mwezi! Umekaa na fundi wa mbio nyumba moja na hujui anafanya kazi gani. Pikipiki ya krosi si ile ya kubeba watu sokoni Kenya, mtaa wa hapa mjini. Haina taa, haina pleti, haina hata mguu wa kuiegesha. Injini yake haihesabiwi kwa kilomita, inahesabiwa kwa masaa, na masaa yakitimia pistoni inabadilishwa hata kama inaonekana nzima, maana ile injini inapigishwa kelele mpaka mwisho tangu kamba inyanyuke hadi bendera ishuke. Filta ya hewa inaoshwa na kupakwa mafuta kila baada ya kutoka, na hapa kwetu, mwezi wa saba na wa nane, vumbi jekundu linaingia hata ndani ya yai. Mtu akicheza na pistoni iliyochoka, siku moja injini inakwama yuko juu hewani. Mkono umeshika gesi, gesi haipo, gurudumu la mbele linaanza kushuka. Sisemi vikwembe vya dada yako ndivyo vilivyomvunja bega. Nasema tu kwamba ulichukua mwaka jana, akaanguka mwaka huu, na kuhesabu ninajua.

Uliuliza kama pistoni inashinda mke. Swali hilo si la kweli. Pistoni ile inamrudisha mume kwa mke.

Marehemu wangu alikuwa dereva wa malori, safari za kwenda na kurudi mpakani. Bei ya tairi zake niliijua kabla ya bei ya viatu vyangu. Hakunifundisha mtu, niliona tu kwamba chakula cha watoto kinazunguka juu ya tairi zile, sio juu ya viatu. Vijana wa sasa mnaolewa na picha. Mnamwona kijana amesimama juu ya jukwaa, kofia ngumu kwapani, shampeni inamwagika, mnasema huyu ni tajiri. Hamuulizi shampeni kanunua nani. Mnaingia ndani mnakuta mwanaume ananuka mafuta, ana michubuko, anahesabu franga, mnaanza kulia kwamba mmedanganywa. Picha haikudanganya. Ninyi hamkutaka kusoma nyuma yake. Na wavulana nao hivyo hivyo, wanaoa nywele na kucha, kisha wanashangaa kukuta mtu mwenye njaa na maoni. Siku zetu shangazi alikwenda kwanza kuchungulia jikoni kwa watu. Leo shangazi anaitwa siku ya kupiga vigelegele tu. Lakini hayo niyaache, nikianza hapa tutafika Krismasi.

«Ninaishi kama mke wa mlinzi.» Tuhesabu. Toa 100 za mama, toa 80 za Kine, zinabaki 270, na nyumba ya Kampemba nani anailipa hukuandika, kwa hiyo najua ni yeye. Huko mbali wanakolipwa kweli, Marekani, mbio zao za SuperMotocross zilipoanza mwaka 2023 ziliwekewa zaidi ya dola milioni 10 za zawadi, na bingwa akaondoka na milioni 1. Aliyeichukua ni kijana wa Australia, Jett Lawrence, ambaye mwaka ule ule alishinda mbio zote 22 za motokrosi ya nje. Lakini hao ni wachache kama meno ya kuku. Hata Ulaya, kwenye mashindano ya dunia, kuna vijana wanaokwenda kwenye timu wakiwa wamebeba pesa za wafadhili wao wenyewe ili wapewe nafasi ya kukimbia. Wako ana patro anayemlipa kila mwezi, hapa Lubumbashi, mji ambao mtoto akizaliwa anapewa mpira na jezi ya Mazembe. Mwanangu, huyo si mlinzi.

Na muda wake ni mfupi. Ryan Villopoto wa Marekani alichukua ubingwa wa supakrosi, ile krosi ya ndani ya uwanja, miaka 4 mfululizo, 2011 hadi 2014, kisha akaanguka Ulaya akaumia mfupa wa mkia, akastaafu ana miaka 26. Ryan Dungey alistaafu 2017 ana miaka 27, bado bingwa. Bwana yako ana 24. Katika siku kubwa za mbio wanakimbia mara mbili, dakika 30 na mizunguko 2 kila mara, na mwili unachukua kila tuta. Kumwambia leo aache aende mgodini ni kuchuma embe bichi. Na huko mgodini unakokutamani, umewauliza wake za vijana wa mikataba ya miezi mitatu mitatu wanakula nini mwezi wa nne? Ataacha krosi, ndiyo. Mwili utamwambia. Wewe kazi yako ni kuhakikisha siku hiyo inawakuta na kitu: kiwanja, karakana, hata vifaa vya ufundi tu. Anayejua kufungua injini ya krosi hakosi kazi katika mji huu wa pikipiki.

Kuhusu manseba, nusu niko nawe. Nusu tu. Katika mchezo huu hakuna mtoto aliyejinunulia pikipiki ya kwanza. Nyuma ya kila mmoja kuna mtu aliyeuza kitu. Wabelgiji wana Stefan Everts, bingwa wa dunia mara 10, lakini baba yake Harry alikuwa bingwa mara 4 kabla yake. Mtoto alianza kutembea tayari karakana ipo. Bwana yako karakana yake ilikuwa mfuko wa manseba. Ndugu wa mama hafukuzwi mlangoni kwa sababu mke mpya anataka pazia.

Ila deni lisilo na hesabu halilipiki. Hapa kosa ni la bwana yako. Amuite manseba, pamoja na mama, chakula kiwepo, aseme: «Mjomba, pikipiki ile ilikuwa kiasi hiki, nimekwisha kurudisha kiasi hiki, kilichobaki nitakuwa nakupa kila baada ya miezi mitatu.» Akimaliza, kinachofuata ni zawadi, na zawadi haiji kudaiwa kila Jumatatu. Manseba mwenye akili atanuna siku mbili, ya tatu atajisifu barabarani kwamba mtoto wake ni mwanaume.

Unatishia kumwita baba kwa sababu dot haijaisha. Fikiri kwanza. Baba akija, wazee watakaa, na swali la kwanza litakuwa: mume alipokuwa na plasta, mke alikuwa wapi? Utajibu nini mbele ya wajomba? Niambie pia kama mlipita kwa ofisa wa komini kuandikisha ndoa. Kama mlipita na hamkuchagua chochote, Sheria ya Familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inawaweka kwenye umoja wa mali mnazochuma ndani ya ndoa. Kwa hiyo una haki ya kukaa kwenye hesabu, mchana, mlango wazi. Haki ya kuingiza mkono kwenye mkebe usiku sheria hiyo haikukupa. Kama hamkupita, acha habari ya pazia, hiyo ndiyo safari yenu ya kwanza.

Kuna kitu kingine hukukigusa na ndicho kinachoniamsha mimi: plasta ililipwa na nani? Patro? Mama? Mkebe? Kijana anakimbia kwa jina la malori ya mtu, akivunjika anavunjika kwa jina lake mwenyewe. Mwambie bwana yako aende kwa patro na karatasi, waandike nani analipa hospitali, na mshahara unaendelea miezi mingapi akiwa kitandani. Patro akisema «tutaona», mjue hakuna. Basi likelemba lako, mchango wa kupeana zamu, kama unalo, lianze kuwa la bega, sio la vikwembe.

Utaenda Kamalondo. Hutaenda mikono mitupu: chukua unga, samaki, na dola 50 za kwanza kati ya zile 300. Ndiyo, utazirudisha, polepole, na mbele ya mama mkwe, ili aone mkono wako unatoa pia. Usianze na «pesa za mume wangu». Anza na «mama, asante kwa wiki zile». Ukinyamaza hapo atalia au atakutukana, vyote viwili ni vizuri, vumilia. Kisha muombe akuonyeshe anavyoandika: za injini, za nyumba, za familia. Wamama wa umri wetu tunaandika, hata kama ni nyuma ya kalenda. Akikuona mara tatu, nne, unakuja kuhesabu na si kuchukua, atakuachia daftari mwenyewe, maana amechoka. Mwanamke mwenye mtoto aliyeoa hapendi kushika mkebe wake. Anataka kulala.

Nenda katikati ya wiki. Jumapili usiende, hutamkuta. Atakuwa kwenye mbio, kandoni mwa tuta, ameshika chupa ya maji na miwani ya akiba ya mtoto wake. Ile chupa ilikuwa iwe mkononi mwako. Mwombe akupishe.