Vitamini D si ya kutuliza maumivu

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mamangu ana miaka 74, alianguka msalani nyonga ikavunjika, kafanyiwa opareshini katiwa chuma, sasa tuko naye nyumbani Kisauni. Jirani atwambia tumpe vitamini D na C kwa wingi maumivu yataisha, na kwa kemisti tumeuziwa diklofenak ya maumivu. Mama ana dawa zake za presha. Panadol hataki, humeza tu akishindwa kabisa. Tufanyeje?

JIBU: Waleikum salaam mwanangu, mpe mama pole nyingi. Hiyo diklofenak iwekeni kando mpaka daktari wake aseme, kwa umri huo na dawa za presha figo zaweza kuumia na tumbo likatoka damu, na kama alipewa pia dawa ya kuzuia damu isigande ndo hatari yazidi.

Panadol msingoje mpaka alie. Kawaida ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku, ila akiwa chini ya kilo 50 au ana shida ya ini apunguziwe, ulizeni, na dawa za mafua msimchanganyie maana nyingi zina panadol ndani. Mpeni kama saa moja kabla ya mazoezi ili aweze kusimama na kutembea, hapo ndo penyewe, mzee akilala tu kwa kuogopa maumivu damu huganda miguuni, nimonia yaingia, vidonda vya mgongoni navyo.

Vitamini D ni nzuri lakini kazi yake ni mfupa, yasaidia mwili kuchukua kalsiamu. Wazee wengi wanaovunjika nyonga hukutwa iko chini, hata hapa Mombasa na jua lote hili, ambalo ndilo huifanya ngozi iitengeneze, kwani mama yuko ndani kutwa na akitoka kavaa buibui. Yuniti 800 kwa siku pamoja na kalsiamu zatosha wengi. Kwa wingi hapana: Australia kina mama wazee walipewa yuniti 500,000 kwa mpigo mara moja kwa mwaka, matokeo yakatoka 2010, wakaanguka na kuvunjika zaidi ya wasiopewa. Vitamini C mpeni machungwa na mapera, na samaki, mayai, kunde asikose.

Kliniki ulizeni dawa ya kuzuia mfupa mwingine usivunjike, wengi hawaambiwi. Shavu la mguu likivimba, pumzi zikimbana, kidonda kikitoa usaha au mguu ukaonekana mfupi ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.