Binti Yangu, Tuanze na Swali Lako la Mwisho

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Kisumu. Niliolewa na mwanamume anayefanya kazi ya kuhudumia wazee Minnesota, Marekani. Alikuja likizo, akaleta ng'ombe kwetu, tukaandikisha ndoa kwa msajili, akarudi. Sasa inakaribia miaka miwili nangoja makaratasi ya kumfuata. Alipoanza kuniombea alikuwa na kadi ya ukaazi tu, mwaka huu ameapa kuwa raia, lakini nikimuuliza ananiambia bado faili iko kwenye foleni. Zamani alituma pesa kila wiki, siku hizi ni mwisho wa mwezi. Nikimpigia usiku anaongea kidogo tu, eti ana usingizi. Naamini kuna mwanamke huko. Mimi niliacha kazi ya saluni Kondele kwa sababu nilijua naondoka. Rafiki yangu aliolewa baada yangu na tayari yuko Dallas. Mama mkwe naye ananisumbua, anataka nikakae naye Yala, na kila nikienda ananiuliza habari za mtoto wa marehemu dada yangu, wa miaka minane, anayelelewa na mama yangu kule Luanda, Vihiga. Kuna wakala ameahidi kuharakisha mambo kwa Sh80,000. Nimlipe? Na je, zile fomu ni lazima uandike watoto wote, hata ambao hukai nao?*

*Anayengoja, Kisumu*

Binti yangu, kungoja mume uliyeishi naye likizo moja tu ni jambo zito, na kwa hilo nakupa pole. Lakini barua yako nimeisoma na kuirudia, na foleni si shida yako. Shida yako umeiweka mwisho kabisa, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichokusudia kununua.

Mtoto wa marehemu dada yako hana nafasi kwenye fomu zako, isipokuwa kama umemuasili kisheria. Mama mdogo hasumbuki na swali hilo hata kidogo. Wewe limekusumbua kwa sababu huyo mtoto umemzaa wewe, na mumeo hajui. Kama nimekuonea, niandikie na nitakuomba radhi papa hapa. Sidhani utaniandikia.

Jibu ni ndiyo, wote. Fomu ya I-130 ambayo mumeo alijaza kukuombea inauliza watoto wa mke. Fomu ya DS-260, ya maombi ya viza, utakayojaza wewe inauliza tena kila mtoto, awe anakaa nawe au hakai nawe. Kisha utasimama mbele ya afisa wa ubalozi pale Gigiri, uinue mkono na kuapa kwamba yote uliyoandika ni kweli. Ukimficha mtoto na ikajulikana, inaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu, na udanganyifu unaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote. Tuseme umepita bila kukamatwa. Utamwombea vipi kesho mtoto ambaye uliapa kwamba hayupo? Cheti chake cha kuzaliwa kina jina la nani kwenye nafasi ya mama? Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hiki kitakuwa cha mtoto.

Nikueleze jambo ambalo rafiki yako wa Dallas huenda halijui. Mume akiwa na kadi tu, mke wake huwekwa kwenye kundi ambalo viza zake hutolewa kwa idadi maalumu kila mwaka, ndiyo maana watu hungoja zamu. Akiapa kuwa raia, mke hutoka kwenye kundi hilo na idadi hiyo haimhusu tena. Hiyo ni heri kwako. Ila mume akiwa na kadi, mtoto mdogo wa mke angeweza kusafiri ndani ya faili ya mama yake. Mume akiwa raia, haiwezekani. Kila mtoto lazima afunguliwe ombi lake. Baba wa kambo anaruhusiwa kumwombea mtoto wa mkewe, mradi ndoa ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Wako alikuwa mdogo sana mlipooana, kwa hiyo njia ipo wazi kabisa. Kinachokosekana ni sahihi ya mumeo, na hawezi kumtilia sahihi mtoto asiyemjua.

Sasa tuje kwa mama mkwe, maana umemsema kama adui. Namtetea, tena waziwazi. Yala na Luanda ni majirani. Unapanda matatu, kabla hujakaa vizuri umefika. Siku ya soko pale Luanda watu wa Siaya na wa Vihiga wanauziana mahindi, omena na kuku, na habari zinauzwa pamoja navyo. Unadhani mwanamke aliyezeekea njia hiyo hajaambiwa ulizaa lini na na nani? Anajua, binti yangu. Angetaka kuvunja nyumba yako, angeshampigia mwanawe simu. Badala yake anakuita nyumbani na kukuuliza swali lile lile kwa upole, akingoja ulijibu kwa kinywa chako. Ni mama wachache wanaomvumilia hivyo mke wa mwana wao.

Na mumeo? Umemshtaki kwa usingizi na kwa pesa. Tuanze na usingizi. Umesema anahudumia wazee, na kazi hiyo ina zamu za usiku. Minnesota iko nyuma yetu kwa saa nane au tisa kulingana na majira. Ukimpigia saa tatu usiku, kwake ni saa sita au saa saba mchana, na mtu wa zamu ya usiku ndipo amelala. Umemwamsha, kisha unahesabu dakika alizoongea.

Pesa ndiyo imenifanya nikuandikie kwa ukali. Ili upewe viza, yeye lazima atie sahihi hati ya udhamini, fomu ya I-864. Athibitishe kwa hati zake za kodi kwamba kipato chake hakipungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani kwa familia yake. Juu ya hapo kuna ada, dola 120 za kukagua udhamini na dola 325 za viza yako, mbali na zile alizolipa mwanzo. Hati hiyo ni mkataba na serikali. Mkataba huo unambana yeye mpaka wewe uwe raia, au mpaka uhesabiwe kazi ya takriban miaka 10, au uondoke Marekani moja kwa moja, au mmoja wenu afe. Talaka haiufuti. Mwanamume anayejitwisha mzigo huo kwa ajili yako, wewe unamwita mzinzi kwa sababu ametuma pesa mwisho wa mwezi! Katika barua nzima hujaandika popote kwamba umemkosa. Umeandika Marekani, Dallas, makaratasi, pesa. Yeye humo hana hata tabia moja uliyoisifu.

Haya mambo nayaona kila mahali siku hizi na yananiuma. Familia inaletewa bwana harusi wa ng'ambo, inauliza ana kadi au hana, kisha inatafuta hema na viti. Likizo ni ya wiki chache, kwa hiyo mahari, msajili na picha vyote vinafanyika kwa haraka, na hakuna anayewakalisha wawili chini kuwauliza wametoka wapi. Waluo walikuwa na jagam, mshenga ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza ukoo wa huku na wa kule kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Leo uchunguzi huo anafanyiwa mke na afisa wa ubalozi, mtu asiyemjua, kwenye dirisha la kioo, akiwa ameshalipa ada. Na vijana wa ng'ambo nao wana lawama. Wanachagua mke kwenye simu kwa picha, hawaulizi maswali kwa kuogopa jibu, halafu wanashangaa. Kuzaa kabla ya ndoa si mwisho wa mwanamke. Wengi wamezaa na wakaolewa, wakaheshimiwa. Kumfundisha mtoto wako wa kuzaa akuite mama mdogo, ili mgeni mwenye kadi asikimbie, hilo siwezi kulipamba.

Wakala asikuguse. Faili ikishaidhinishwa na idara ya uhamiaji ya Marekani huenda kituo cha viza kilichoko Portsmouth, jimbo la New Hampshire, na hakuna mtu wa Kisumu mwenye mkono wa kufika huko. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kutayarisha karatasi zako. Omba cheti cha Good Conduct, kile cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni Sh1,050, kisha ukachukuliwe alama za vidole Huduma Centre hapo hapo mjini. Hakikisha cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vina majina yaliyoandikwa sawasawa. Uchunguzi wa afya utafanyiwa Nairobi ukishapangiwa siku ya mahojiano. Na kuchelewa huku kuna faida usiyoijua: anayeingia kabla ndoa haijatimiza miaka miwili hupewa kadi ya miaka miwili yenye masharti, ambayo mtalazimika kuyaondoa pamoja baadaye. Aliyevuka miaka miwili hupewa ya miaka 10.

Rudi saluni, tena wiki hii. Mtu aliyekaa bure siku nzima na simu mkononi lazima atamwona mwanamke wa kufikirika Minnesota. Kusuka nywele ni kazi utakayoihitaji hata huko, na pesa yako itamlisha mwanao Luanda bila kumdanganya mtu inatoka wapi.

Kisha mpigie mumeo. Mpigie alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, atakapokuwa ametoka zamu na hajalala. Usimtumie ujumbe wa sauti, wala usimtume mama mkwe akusemee. Mwambie jina la mtoto, umri wake, baba yake ni nani na kwa nini ulinyamaza. Usimtaje mwanamke wa Minnesota siku hiyo. Anaweza kukata simu, anaweza hata kuiacha ndoa, na sitakudanganya kwamba haiwezekani. Haki hiyo anayo. Akikata, usimfuate kwa simu. Panda matatu, mpitie mtoto Luanda, uende naye Yala.