Taa ya Ijumaa

Mwanangu Neema,

Swali lako nimelisoma mara mbili, ya pili kwa miwani ya mama yako. Unataka kujua kama ni kweli, walivyosema kwenye kikundi chenu cha Biblia, kwamba Wayahudi wamefungwa na sheria na hawana neema. Nitakujibu, ila ngoja nianze na taa.

Ile picha ya sebuleni, mimi na ng'ombe wa mabaka, nina kofia ya kuazima: ni 1972, mwaka mmoja kabla nchi yetu haijavunja uhusiano na Israeli. Tulikwenda huko Israeli kusomea ufugaji, na siku za Ijumaa nilikuwa mgeni wa mzee mmoja mkulima, mshika dini kwelikweli. Ijumaa moja walisahau kuzima taa ya chumbani. Jua likishazama sabato imeanza, basi: kuwasha moto siku ya sabato kumekatazwa, Kutoka 35, na kuzima nako wanakuhesabu kazi. Mzee akasimama mlangoni, akaitazama, akasema, "Taa hii leo haina usingizi."

Nikamjibu, "Kweli mzee, inawaka vizuri sana."

Akakohoa. "Na mke wangu hapati usingizi penye mwanga."

Nikampa pole.

Binti yake alipoangua kicheko ndipo nikashtuka. Kunituma nizime hawezi, lakini kusema hali ilivyo anaweza. Nikaenda nikazima.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini nilikuwa na miaka 21, mtoto wa mwinjilisti wa Machame, Wagalatia yote kichwani. Nikawaambia, nimekaa mezani kwao, nimeshiba chakula chao, kwamba hizi ni pingu, kwamba wao ni watumwa wa torati. Binti akaacha kucheka. Mama wa nyumba akaanza kukusanya sahani, moja moja. Hadi leo nikisikia sahani zinagongana taratibu, masikio yananichoma.

Mzee hakufoka. Aliniambia neno Torah, ndiyo hiyo torati, kwao limetokana na kufundisha, kuonyesha njia. Waliotafsiri kwa Kigiriki ndio waliolipa neno la sheria. Kisha akanipa kisa cha Talmud, kitabu cha mijadala ya walimu wao wa kale. Walimu walibishania tanuri moja, ni safi au najisi. Rabi Eliezer alikuwa peke yake upande wake. Akauita mti umshuhudie, ukang'oka. Mfereji ukatiririka kinyumenyume. Mwisho sauti ya mbinguni ikasema yeye ndiye mwenye haki. Rabi Yehoshua akasimama akawakumbusha Kumbukumbu la Torati 30: sheria haiko mbinguni. Wakafuata walio wengi. Na Mungu akacheka, akasema wanangu wamenishinda.

Unaona? Ninalokwambia tangu ukiwa shule ya msingi: sheria isiyobishaniwa ni maiti.

Lakini tusidanganyane. Huyo Eliezer walimtenga baada ya hapo, na Talmud yenyewe haifichi machozi yake. Kwa hiyo wanabishana, ndiyo, na ubishi wao nao unaumiza watu. Na mwaka ule ulikuwa wa saba, ambao ardhi hupumzishwa, Walawi 25. Jirani aliacha shamba lake magugu. Mzee wangu yeye alifuata marabi wanaoruhusu ardhi iuzwe kwa mkataba kwa mtu asiye Myahudi, akaendelea kulima. Ujanja huo, nikasema moyoni. Halafu nikajiuliza: asiyeijali sheria angehangaika na mkataba wa nini? Halafu tena: ujanja ni ujanja. Miaka zaidi ya hamsini sijaamua, na wao wenyewe bado wanagombana.

Nirudi kwenye swali lako. Nani ana neema na nani hana si kazi ya mzee mwenye magoti mabovu. Ukinibana sana ningekwambia... hapana, usinibane. Sheria isiyobishaniwa ni maiti. Kabishaneni huko kwenye kikundi.

Ila ukifika waambie hili. Ijumaa iliyofuata sikwenda, kwa aibu. Jua halijazama, yule binti akaja bwenini kwetu mbio, anahema, akasema mama yake ameuliza mbona kiti changu kiko wazi.

Ile dawa ya magoti usisahau kunitumia, ya kupaka, si ya vidonge.

Baba yako